Vipimo vya Ndeshi

Ndeshi aliandika mapishi yake nyuma ya kadi za michango ya harusi. Arusha kadi hizo hazikauki. Hujamaliza kumchangia huyu, ya yule imeshapenyezwa chini ya mlango, na karatasi yake ngumu inauma kuitupa. Upande mmoja wazazi wa bwana harusi wanakuomba kwa unyenyekevu, upande wa pili kuna maelezo, kwa kalamu ya bluu, ya kupika mtori wa ndizi usio na mabonge. Kadi zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la jikoni, nyumbani kwake Sekei.

Zilikuwa na tabia moja. Chakula kilichopikwa kwa kuzifuata kilitoka sawa na watu watakaokila, hata ungetia nini sufuriani. Ndeshi akimenya ndizi za watu wanne na kumbe mgeni yuko njiani anatoka Ngaramtoni, sahani ya tano ilipatikana, na mchuzi haujapoa mtu alibisha hodi. Marehemu mumewe, Elihuruma, hakuwa na haja ya kuuliza nani anakuja. Alifunua sufuria, akachungulia, akaenda kuongeza kiti. Kuna Jumapili mchungaji alitokea bila taarifa, na kwaya nzima nyuma yake, akakuta wameshapikiwa. Alishukuru, akaomba chumvi.

Mapishi yenyewe Ndeshi aliyatoa kwa mama yake, huko juu mlimani kwenye migomba na kahawa, na alikua akidhani masufuria yote duniani yako hivyo. Alipoolewa akaona majirani wanamwaga viporo, aliwaonea huruma.

Elihuruma alipofariki, watoto walikuwa wameshatawanyika: Hanna, binti wa kwanza, Dodoma, Calvin, kitindamimba, Mwanza, na Mika wa katikati akajenga Lemara, mjini hapahapa, ambako kwa bodaboda ni mwendo wa kusikiliza taarifa ya habari. Kila Krismasi walirudi Sekei na wake, waume na watoto wao. Ndeshi hakujidanganya. Walimpenda, hilo hakulitilia shaka, lakini kilichowaondoa huko waliko na kuwapakia kwenye mabasi ni loshoro: mahindi yaliyokobolewa, ndizi na maziwa mgando, vikichanganywa kwa namna ambayo yeye peke yake aliijua. Aliridhika hivyo. Mtu huitwa kwa kile kinachomwita.

Mwezi wa nane Hanna alikuja kikazi, akashusha kopo la biskuti, akakuta kadi zimegandana kwa mafuta na nyingine zimeonjwa na panya.

"Mama, hizi zitapotea zote," alisema.

"Zimekaa miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana zimechoka. Lete kitambaa."

Walizipanga mezani. Za ndizi peke yake, za mahindi peke yake, za maziwa, za mgonjwa, za mama aliyejifungua. Walibishana kama kiburu kikae kwenye ndizi au kwenye maharage, wakacheka mpaka chai ikapoa. Hanna alizifuta moja moja, akazifunga kwa mipira ya rangi tofauti, akazipiga picha zote na kuzituma kwenye kundi la familia. Ndeshi alikaa pembeni ya bintiye akisoma kwa sauti pale mwandiko ulipofifia, na kwa muda huo wote hakukumbuka kwamba huwa anaishi peke yake.

"Haya," Hanna alisema, akiweka simu chini. "Sasa hata usipokuwepo, tutapika."

Alisema kwa nia njema. Ndeshi alimshukuru na kumfungia parachichi za safari.

Desemba ilipofika watoto waliandika kwenye kundi kwamba Krismasi wote watakuwepo Arusha. Ndeshi alishuka soko la Kilombero, akarudi na mkungu mzima wa ndizi. Alikoboa mahindi, akagandisha maziwa, akafua mashuka. Siku yenyewe alitoka ibada ya kwanza, akainjika sufuria kubwa, ile inayohitaji watu wawili kuiepua.

Alipofunua, ndani mlikuwa na chakula cha sahani moja.

Aliitazama. Akajiambia ni mahindi, hayakukobolewa vizuri. Akaiepua peke yake, kwa kuwa haikuwa nzito, akapakua, akala. Kisha akachukua kadi za ndizi, akafungua mpira, akapika machalari. Ilitoka nusu sahani, kwani alikuwa ameshaanza kushiba. Akahamia makande. Yalitoka kijiko kimoja, nacho alikilazimisha. Alikuwa akitafuta kadi moja, hata ile ya uji wa mgonjwa, ambayo ilikuwa haijapata habari. Uji ulikauka ukiwa bado unachemka, na sufuria ikabaki safi kama imeoshwa.

Tekla, mpangaji wa chumba cha uani, alipita na begi lake mgongoni akienda kwao Karatu. Alisimama mlangoni, akaona masufuria yamepangwa matupu. Alikuwa amekula kwenye nyumba ile mara nyingi na hakuhitaji kuelezwa.

"Pole, Mama Hanna," alisema.

"Asante. Ungekaa kidogo tu, Tekla, kingeongezeka."

"Gari linaningoja, mama."

Ndeshi alivaa kitenge kipya, akakaa sebuleni. Lemara ilikuwa palepale ilipo, na nauli alikuwa nayo. Lakini sikukuu mzazi hamfuati mtoto; mtoto ndiye humfuata mzazi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na kwa upweke wake wote hakuwa tayari kubisha hodi kwa mwanawe kama mtu anayeomba.

Jua lilipokuwa linaegemea upande wa Monduli, simu iliita. Alikuwa Silantoi, mke wa Mika.

"Mama, shikamoo. Krismasi njema."

"Marahaba, mwanangu. Mko wapi?"

"Tupo nyumbani, Lemara. Tumepika loshoro ya kwenye kadi. Nimefuata picha tu, mama, mpaka nimejishangaa, imetoka kama yako."

Nyuma ya sauti yake Ndeshi alisikia kicheko cha Hanna, halafu kikohozi cha Calvin, ambacho angekitambua hata katikati ya soko.

"Tulitaka Mika akuletee sahani," Silantoi aliendelea, "ila kimeisha palepale. Kila mtu ameshiba, na sufuria haina hata ukoko. Yaani kama kimehesabiwa."

"Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Ndeshi aliwapitia mmoja mmoja kichwani, wakubwa na wajukuu. Walitimia. Hakuna aliyekosekana.

"Vipimo mmevifuata vizuri," alisema.

Hanna alichukua simu. "Mama, kwani Mika hajakufuata? Mimi nilijua Mika atakupitia." Mika akasikika kwa mbali akisema kwamba yeye alijua Calvin, mwenye gari la kukodi, ndiye atampitia, na Calvin akasema hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Walilaumiana kidogo, kwa upole, kama watu waliokula vizuri.

"Basi kesho tunakuja wote," Hanna alisema. "Tupikie machalari, Mama. Saa saba tutakuwa hapo, tena mapema."

"Karibuni sana."

Asubuhi Ndeshi alimenya ndizi zote zilizobaki kwenye mkungu, akazikatia nyama, akazibandika jikoni. Saa tano alifunua sufuria. Akachukua sahani moja, akapakua, akala kikiwa bado cha moto.