Sahani ya Fundi Shakuru

Sikuzani alimwambia kaka yake ukweli siku ileile alipohamia kwake Buyenzi, kabla hata hajafungua furushi. Mafuriko yalikuwa yamebeba nyumba yake ya Buterere, na hakutaka kuingia kwa mtu na jambo la kufichaficha.

"Kaka, mi nina virusi vya ukimwi. Nakunywa dawa kila siku, niko muzima kabisa. Nimekuambia we peke yako. Watu wakijua, sambusa zangu nani atanunua?"

"Apana shida," akasema Shakuru. "We ni dada yangu."

Na alimaanisha, wallahi. Hakuwa na mtu mwingine duniani tangu mke wake afariki. Alimkumbatia, akambebea furushi hadi chumbani, halafu akatoka kwenda kununua javeli, dawa ya kusafishia choo.

Shakuru alikuwa fundi wa kanzu huko mtaa wa Asiatique, mtu anayepima kola na kuipima tena kabla ya kukata. Mtu wa namna hiyo hata hofu yake huishona vizuri. Alisugua vitasa, akasugua viti, akasugua rimoti ya televisheni mpaka namba zikafutika. Choo alikwenda cha msikitini, kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Mswaki wake alitembea nao mfukoni kama kitambulisho.

Sikuzani akaona hapana, haya si maisha. Akampeleka kwa Danielle, muuguzi anayempa dawa. Danielle alimweleza polepole: virusi havipiti kwa kikombe, wala kijiko, wala taulo, wala kiti cha choo. Nje ya mwili havidumu. Tena dada yake anameza dawa vizuri, vipimo vya damu havivioni kabisa.

"Merci sana, nimeelewa," akasema Shakuru. Akarudi nyumbani, akasugua viti.

Kisha Ramadhani ikaingia. Buyenzi, jua likizama, futari hutolewa barazani na wanaume wa mtaa huzunguka sinia moja, mikono yote humo humo. Sinia lilikuwa la nyumbani kwa Shakuru, na aliyeliosha alikuwa Sikuzani. Hapo fundi akakosa usingizi. Kumtengea dada vyombo vyake? Hiyo ni kumtukana, na wanawake wa jirani wangeuliza kuna nini. Basi akatafuta njia ya adabu: akajitengea yeye. Akanunua sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, akawa anaviosha mwenyewe kwa javeli. Barazani alijipakulia kabla wengine hawajagusa, akakaa pembeni. "Tumbo linanisumbua," aliwaambia. Alijiona mjanja kweli.

Ujanja gani huo? Mtu anayekula peke yake Ramadhani nzima, anayeosha sahani yake kwa dawa ya choo, mtaa utasema ana nini? Watu wakaanza kumwonea huruma. "Pole, fundi," walimwambia, wakampisha njia pana kuliko alivyohitaji. Wengine walimsifu kwa sauti ya chini: maskini, anatulinda. Shakuru akadhani wanaulizia tumbo lake, akawashukuru.

Alikuja kuelewa Mzee Sleiman alipoingia dukani kwake. Huyu ni mfanyabiashara wa Asiatique, wa zile familia za Waarabu wa siku nyingi, na alikuwa ameleta kitambaa na kuagiza kanzu za Idi za nyumba yake yote. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Fundi, sindano inakuchoma mara nyingine, siyo?"

"Ndiyo kazi, mzee."

"Na damu ikigusa kitambaa?"

"Nakifua."

"Lakini kanzu inakaa mwilini." Mzee Sleiman akakohoa. "Sikia, fundi. Watu wanasema kwenu kuna ukimwi. Mko wawili tu, we na dada yako. Na sambusa zake tunakula sisi wote. Kama ni yeye, sema tu, tujue."

Shakuru angesema neno moja tu, angeokoa heshima yake, wateja wake na Idi yake. Akamwona akilini Sikuzani ameinama kwenye mbabula, lile jiko la makaa, moshi machoni, akikaanga sambusa na kuimba vibaya.

"Ni mimi," akasema.

Mzee Sleiman akarudi nyuma, akakivuta kitambaa chake mezani kwa ncha za vidole. Kuona vile, hasira zikampanda Shakuru.

"Ala! Unashika hivyo kwa nini? Havipiti kwa kitambaa! Wala kwa kikombe, wala kwa sinia, wala kwa kiti! Nje ya mwili havidumu! Hata mutoto wa shule anajua!"

"Mbona basi we mwenyewe unakula peke yako?"

"Kwa sababu mi ni mupumbavu," akajibu Shakuru.

"Mungu akupe shifa," akasema Mzee Sleiman kwa heshima, akaondoka na kitambaa.

Habari ilifika Buyenzi kabla ya mwenyewe. Sikuzani alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Kaka, nani alikutuma? Naenda sasa hivi niwaambie ni mimi!"

"Ukienda, sambusa hazinunuliwi."

"Na kanzu zako je?"

"Kanzu watu wananunua kwa sikukuu. Sambusa wanakula kila siku." Alisema kama mtu anayepiga hesabu ya vifungo.

Sikuzani akacheka, kisha akalia, kisha akamsukuma kifuani kwa ngumi. Jua lilizama, adhana ikasikika, na barazani kwao hakuja mtu. Sikuzani akaandaa chakula ndani, ugali na samaki wa mukeke, kwenye sinia. Shakuru akanawa, akakaa mbele yake. Hakwenda kuchukua sahani.

"Siku, bado naogopa," akamwambia.

"Najua. Kula, samaki anapoa."

Sikuzani akamchambulia yule samaki kwa vidole vyake, akitoa miiba mmoja mmoja, akamsogezea mnofu upande wake. Shakuru akauangalia kidogo, akasema bismillahi, akaula.