Chaji ya Ditram

Yusta alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya kandambili. Kila jioni Ditram alirudi kutoka shambani, akaoga, akajifuta kwa taulo, akakaa kwenye kigoda kusubiri ugali. Ugali ukiiva, kigoda kilikuwa kitupu na kandambili ziko palepale chini. Mwanaume anayekwenda kwa hawara huvaa viatu, tena huvipiga kiwi. Hilo ndilo lililomnyima Yusta usingizi. Angevaa viatu, angejua pa kuanzia.

Alinusa mashati, kama ambavyo mwanamke yeyote mwenye akili timamu angefanya. Yalinuka moshi wa samadi na maziwa yaliyokaa kwenye kibuyu. Maziwa! Na kwao maziwa yalikuwepo tele. Masika iliyopita Ditram alikuja na mtamba mwekundu, akasema amemnunua mnadani Mikumi. Mtamba akazaa, na Yusta, aliyekuwa akiuza chai ya rangi pale stesheni ya Munisagara huku wateja wakimpita bila hata salamu, akaanza kuuza chai ya maziwa. Sasa walimwita Mama Maziwa. Wenzake watatu walikuwa wamefunga vibanda vyao. Ndiyo maana machale yalimcheza: mwanamke aliyeinuka hivi karibuni hajui ni nani anayetaka kumshusha.

Jioni ya Jumanne aliuacha ugali jikoni ukiungua, akajibanza nyuma ya mlango. Ditram alikuwa kwenye kigoda, ameshakauka. Vinyweleo vya mikono yake vilisimama. Halafu akaondoka, mgongo mbele, visigino vikichora mistari miwili vumbini. Alikamata mgomba, jani likachanika, likabaki mkononi mwake.

"Ditram, unakwenda wapi?"

"Siendi," alisema. "Napelekwa."

Yusta aliifuata ile mistari. Njiani walipishana na Kasiani, jirani yao, akiwa juu ya baiskeli na mzigo wa majani ya mbuzi. "Za jioni, shemeji," alisema Kasiani, akapiga kengele, akampisha Ditram apite. Walivuka reli, wakaingia mbugani, mpaka kwenye boma la wafugaji.

Yusta alikuwa amejiandaa kumkuta binti mwenye shanga mpya, na ngumi alikuwa nayo tayari. Alimkuta mjane mwenye umri wa mama yake, jina lake Nashipai, amejifunga kamba ya ndama kiunoni na kamba imefungwa kwenye nguzo ya zizi. Bila kamba ile naye angevutwa kuelekea kijijini. Ditram alimgonga mgongoni kama debe la mahindi linapotuliwa chini, akaganda hapo. Nashipai aliendelea kutikisa kibuyu chake.

Ngumi haikufaa. "Shikamoo, mama," alisema Yusta.

"Marahaba. Wewe ndiye mke?"

"Ndiye mimi."

"Basi mbandue. Hubanduka umande ukishuka, na mimi nimechoka kusinzia wima."

Yusta alimvuta mumewe mkono, akamvuta mguu. Wapi! "Una nini na mume wangu?" aliuliza.

"Muulize yeye ana nini changu."

Ditram alikuwa akiangalia mawingu.

Asubuhi Yusta alimweleza Yusrah, mwalimu wa kemia aliyepanga chumba chao cha uani, ambaye hakuanza siku bila kikombe cha chai ya maziwa. Yusrah alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kopo la chumvi.

"Chumvi ni ioni za aina mbili," alisema. "Huyu alikuwa na elektroni, huyu akaichukua. Aliyepoteza amebaki na chaji chanya, aliyechukua ana hasi. Tangu hapo wanavutana."

"Kwa hiyo wanapendana."

"Hapana, mama. Mmoja ana cha mwenzake, basi."

Alitupia chumvi kwenye glasi ya maji, akakoroga, ikapotea. Maji, alisema, huingia katikati na kuwatenga. Ndiyo maana Ditram akiwa na jasho shambani hasumbuliwi. Maji yakikauka, chumvi inarudi vilevile.

"Na dawa ya moja kwa moja?"

"Kwa watu sijafundishwa," alisema Yusrah. "Nadhani akirudishiwa chake."

Yusta alikwenda bandani kukamua. Sikio la kushoto la ng'ombe lilikuwa na pengo. Pengo lile lilikuwa kidonda kibichi siku ng'ombe alipoletwa, na Yusta mwenyewe ndiye aliyekipaka oili chafu, bila kuuliza kwa nini ng'ombe wa mnadani anavuja damu sikioni. Wafugaji hukata masikio kuweka alama zao. Alama hufutwa kwa kukata zaidi.

Ditram alipoingia kuchukua jembe, alimuuliza. Ditram alisema yote, kama anayetua mzigo. Ng'ombe wa Nashipai walikuwa wameingia kwenye mahindi yake, naye akawafungia uani kwake wakati Yusta yuko msibani Malolo. Mjane alipowafuata, Ditram alimwambia mmoja amekufa, akampa ngozi nyekundu ya ng'ombe mwingine. Nashipai aliigeuza ngozi mara moja tu, akasema si ya ng'ombe wake. Majirani walicheka. Walisema ngozi ni ngozi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema tumrudishe."

Yusta alikuwa ameshika chuchu ya ng'ombe. Aliona kibanda chake stesheni, na birika, na wale wenzake watatu wakirudi kufungua. Aliendelea kukamua.

Jioni alibeba ndoo ya maji kichwani mpaka bomani. Walikuwa wameshagandana. Alisalimia, akaitikiwa.

"Anakula?" aliuliza Nashipai.

"Anakula vizuri."

"Kazaa?"

"Kazaa. Jike."

Machozi yalimtoka Nashipai, wala hakuyafuta. "Yule huimbiwa akikamuliwa," alisema. "La sivyo anabana maziwa." Akauimba wimbo wenyewe, mfupi, kwa lugha ya kwao, mara mbili ili mgeni aushike.

"Asante, mama," alisema Yusta, akawamwagia maji. Ditram akabanduka. Walirudi nyumbani, mume akichuruzika, mke na ndoo tupu. Siku iliyofuata aliimba bandani, na maziwa yakajaza sufuria mbili.

Ikawa ndiyo kazi ya jioni. Hakuna aliyeuliza; ukipita njia ile na ndoo, watu walikupisha. Mwisho wa juma Yusta alikuwa kibandani akipepea jiko, jua kali, jasho limemkauka, vinyweleo vya mikono vikamsimama. Kisigino kikachora mstari. Alishika nguzo ya kibanda mpaka Kasiani, aliyekuwa akinywa chai, akammwagia maji ya kusuuzia vikombe.

"Pole, shemeji," alisema Kasiani, akaongeza sukari.

Jioni ile Yusta alinunua ndoo ya pili. Alimweleza Yusrah habari ya ng'ombe, akamwomba awe anakuja kuwamwagia, kwa kuwa yeye Yusta naye sasa angekuwa amegandana na wale wawili. Yusrah hakukataa. Lakini asubuhi, alipoletewa kikombe chake, alikisukuma pembeni, akaomba chai ya rangi.