Mate ya Watu Arobaini

Kwa Mama Ritha, pale Nyarugusu, mgeni haulizwi jambo kabla hajala. Hata polisi waliokuja kumtafuta jirani waliketishwa kwanza wakala ugali na dagaa, na walipomaliza kunawa jirani alikuwa ameshafika Geita mjini.

Basi Dk. Aneth alipomwomba amkusanyie watu arobaini wa kutema mate kwenye vichupa, Paskalina, maana hilo ndilo jina la Mama Ritha, aliamka akabandika wali na maharage.

Daktari alikuwa anatafiti kansa ya umio, ile ya koo la chakula: kwa nini inawaandama watu wa huku kuliko wa kwingine, na miilini mwao kuna nini. Wafadhili walimpa fedha za kuonjea tu. Vichupa arobaini viingie kwenye gari la maabara saa kumi jioni ya siku hiyo, ndipo watoe za miaka mitano. Vikipungua, fedha zinakwenda kwa wengine. Alikuwa amezunguka machimboni wiki nzima, wachimbaji wakimkwepa kama afisa wa kodi.

Paskalina naye alikuwa na swali lake. Mumewe Sostenes alikufa kwa kansa hiyo. Swahiba wake Maduhu, ambaye walichimba naye duara moja, shimo la dhahabu, wakanywa chai ya moto ya birika moja na gongo ya chupa moja, yupo anacheka mpaka leo. Alitaka kujua kwa nini.

Ilipofika saa tisa nyumba ilikuwa imefurika, watu arobaini na wawili, wengine wamekaa juu ya vinu uani. Dk. Aneth akaingia na boksi lake, akaziona sahani.

"Mama, wamekula?"

"Wameshiba."

"Nilisema mdomoni pasiingie kitu nusu saa nzima kabla ya kutema."

"Ulisema. Lakini nimwite mtu kwangu, nimwambie ateme mate na njaa yake? Si nitaitwa mchawi, mwanangu?"

Ikabidi wangoje nusu saa, bila maji, bila sigara, bila ugoro. Wachimbaji wakaanza kuinuka.

"Tunashukuru kwa chakula, mama," akasema Ignas, mmoja wao. "Kwani hiyo dawa inatoka lini?"

"Dawa bado," akajibu daktari. "Kwanza tunatafuta chanzo."

"Kwa hiyo kuna mtu anatoa hela kutafuta kitu asichojua kipo wapi?"

"Ignas," akasema Paskalina, "kule Mwakitolyo ulichimba miezi minane. Mliona dhahabu?"

"Hata punje."

"Na mwenye duara alikulisha?"

"Kila siku."

"Basi kaa."

Akakaa, watu wakimcheka. Paskalina akajua kicheko hakitoshi nusu saa, akavuta kigoda katikati yao.

"Mnajua huyu Maduhu ndiye aliyekuja kunichumbia?"

"Shemeji, usianze," akasema Maduhu.

"Sostenes alimtuma awe mshenga wake, akamwazima na koti. Mwenzenu kafika kwetu, kala kuku mzima, kamwambia baba yangu, bwana harusi ndiye mimi."

"Mwongo huyu. Kuku alikuwa nusu."

Hakuna aliyeondoka tena. Akawaeleza koti lilivyombana, ng'ombe aliowataja asio nao, shangazi alivyomuuliza ukoo akajikanyaga. "Baba akaniita nichague mwenyewe. Nikatoka, nikamtazama juu mpaka chini, nikamwambia..."

Akaitazama saa: nusu saa imetimia.

"Ulimwambiaje?"

"Kwanza temeni."

Foleni ikapangwa kwa kusukumana. Maduhu peke yake alibaki ameketi.

"Mimi mzima. Mate yangu ya nini?"

"Ndiyo maana tunayataka, baba," akasema daktari. "Bila wazima hatuna wa kulinganisha nao."

"Ya Sostenes hayapo tena, shemeji," akasema Paskalina taratibu. "Yako yapo."

Maduhu akakiangalia kichupa, kisha akatema mpaka kwenye mstari.

Gari liliondoka saa kumi kasoro dakika sita na vichupa arobaini na viwili.

"Haya, ulimwambiaje?" akauliza Ignas.

"Nilimwambia akavue koti la watu."

Mwezi wa pili tangu siku hiyo Dk. Aneth akapiga simu: fedha za miaka mitano zimetoka. "Ila jibu la swali lako, mama," akaongeza, "siwezi kukuahidi."

"Kuanza mmeanza," akasema Paskalina. "Safari hii mnataka wangapi?"

"Mia tatu."

Akacheka kwa furaha, na kabla simu haijakatika alikuwa tayari mlangoni kwa Dorah muuza vitenge, ambaye habari ikimfikia saa nne, Geita nzima inayo saa sita.