Mke wa Marehemu Bellandi

Mwalimu Jelagat alikuwa na hamu moja tu duniani: kwaya yake ya Kakuma ishinde kule Lodwar, iende mashindano ya taifa. Kila mwaka walirudi na vyeti vya kushiriki, na vyeti hivyo vilikuwa vimemfika kooni.

Mwaka huu alimpata Mawien, Mdinka mrefu mwenye sauti nzito ya kutikisa mabati. Akamfundisha wimbo wa Kitaliano wa Ottavio Bellandi, mtunzi wa zama zile za mapenzi na vikohozi. Sharti la mashindano lilikuwa mwimbaji wa pekee asimulie kwanza maisha ya mtunzi. Maisha yenyewe hayakuwa na mengi. Bellandi alimpenda binti wa tajiri, akamtungia nyimbo, binti akaolewa na mwenye viwanda, Bellandi akafa kwa kifua bila mke wala mtoto.

“Hakuwa na ndugu?” Mawien aliuliza.

“Alikuwa nao wawili.”

“Na hao ndugu ilinyamaza tu?”

“Mawien, imba.”

Siku ya siku ikafika. Mawien alipanda jukwaani akasimulia vizuri, na kifua kikamuua Bellandi pale pale alipotakiwa kufa. Jelagat akashusha pumzi, lakini mapema mno.

“Halafu ndugu zake wakakusanya ng'ombe,” Mawien akaendelea, “wakamwolea mke. Yule mke akazaa watoto wengi. Wote wanaitwa Bellandi.”

Majaji wakatazamana. Kisha akaimba, akaimba hata jaji mmoja akasahau kuandika. Sauti ilipata alama zote, historia ikapata sifuri. Wakawa wa pili, na wa pili haendi popote.

Nje, wakisubiri basi, Jelagat alimwaga hasira zake zote. “Umekula ng'ombe mzima ukashindwa na mkia! Tangu lini maiti akaoa?”

“Kwetu anaoa, mwalimu. Kaka yangu Dau alikufa kwa vita, hajaoa. Mimi nikamwolea, jina lake isipotee. Wale watoto unaona kwangu, yote ni ya Dau.”

Jelagat aliwajua wale watoto. Kila Jumapili walimng'ang'ania Mawien miguuni wakati wa mazoezi. Hasira ikamtoka, haya ikamjaa.

“Na wa kwako wewe?” akauliza polepole.

Mawien alitazama barabara ya Kakuma kuona kama basi linakuja.

“Ng'ombe ilitosha mke moja, mwalimu.”