Kadiri Itakavyofaa

Umewahi kuulizwa "umeelewa?" ukatikisa kichwa kukubali, na huku moyoni hujaambulia hata neno? Mimi nimefanya hivyo miaka mingi: kwa daktari, kwa wakili, hata kwa fundi wa redio. Safari hii nilikatazwa.

Wabunge walikuwa wamejiwekea utaratibu mpya. Mswada haupiti mpaka watu watatu wasiosomea sheria wausome, kisha kila mmoja aseme kwa maneno yake unaamuru nini. Wasipopatana, unarudi kwa mwandishi. Majina yanavutwa kwa bahati nasibu, na langu likavutwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma.

Mwandishi wa mswada wenyewe alikuwa kitindamimba wangu. Tunamwita Kimya, maana hata alipozaliwa mkunga alimpiga makofi mawili ndipo akalia. Wabunge wakisema wanachotaka, yeye ndiye anayekigeuza kuwa sheria. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kuutia sahihi upya ni Mwenyekiti wa kamati. Wiki nzima alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikawa bapa.

"Kuna nini, baba?"

"Hamna kitu, mama."

Siku ikafika. Chumba kilikuwa na meza ndefu, glasi za maji zilizofunikwa kwa vikaratasi, na kiti changu kilikuwa kinalia kila nikipumua. Wenzangu walikuwa msusi na mwashi. Kimya alikaa pembeni na faili lake.

Nikasimama kwanza. "Mheshimiwa, huyo mwandishi ni mwanangu. Nisije nikaambiwa nimeficha."

Mwenyekiti akasukuma miwani juu ya paji la uso. "Umefanya vyema kusema, mama. Nani hapa anadhani mama yake atamhurumia?"

Watu wakacheka. Kimya hakucheka.

Tukapewa kifungu: *Mbunge atarejea kwa waliomchagua kila mwaka na kuwaeleza kazi aliyoifanya, kadiri itakavyofaa.*

"Anarudi kila mwaka," alisema msusi.

"Anarudi akijisikia," alisema mwashi.

"Wewe nawe! Si imeandikwa kila mwaka?"

"Dada, malizia mstari. Umesuka upande mmoja ukaacha kichwa."

Wakanigeukia. Nikausoma tena, kidole juu ya karatasi, neno kwa neno.

"Mimi nimekwama hapa mwisho," nikasema. "Kadiri itakavyofaa. Itamfaa nani?"

"Ni maneno ya kawaida ya kisheria, mama," alisema Mwenyekiti kwa upole.

"Sikatai, Mheshimiwa. Marehemu mume wangu naye alikuwa akiaga hivyo: nitarudi kadiri itakavyofaa. Ikimfaa yeye, mimi nalala na chungu jikoni nikimngoja."

Mwashi akapiga meza kwa kicheko. Mwenyekiti akatabasamu, ila jasho lilimtoka shingoni.

"Mwandishi," akasema, "hebu mweleze mama yako."

Kimya akafungua faili. Kutoka kitini pangu niliona vizuri: ukurasa ulikuwa umechapwa, na yale maneno mawili yameongezwa kwa mkono, kwa wino wa kijani. Kalamu ya kijani ilikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti. Nikanyamaza. Si kila jambo mama amsemee mtoto, na mkataba ulikuwa wake, si wangu.

Msusi akafungua kinywa, nikamgusa goti, akafunga.

"Siwezi kumweleza," Kimya alisema mwishowe. Akasimama. "Maneno hayo si yangu, Mheshimiwa. Niliyakuta yameongezwa kwa mkono, nikayaacha yalivyo."

"Basi yako yalikuwa yapi?" aliuliza Mwenyekiti, pole pole.

Kimya alinitazama mara moja tu, kisha akamtazama yeye.

"Nilitaka kuandika hivi: Mbunge lazima arejee kila mwaka. Asiporejea, jina lake lisomwe kwa sauti, bungeni, mbele ya wenzake wote."