Mkono wa Mwongoza Wageni

...na naomba radhi, sijui hata namwomba nani maana humu kichwani niko peke yangu, lakini hii nitaisimulia vibaya, tazama, nimeanzia kitandani na geti hatujalipita, haya turudi... geti la shamba la marehemu rais tumelipita, zizi tumeliona, trekta lake tumeliona, limepakwa rangi upya kama bibi harusi wa pili, na sasa tumo chumbani kwake, mwongoza wageni amenyoosha mkono juu, "Jamani, Mzee alifia humu, desturi yetu tunasimama kimya kidogo, nikishusha mkono tunaendelea," kimya, mimi, mtu ninayekula na kuvaa kwa mdomo, mwambie na jogoo alale mpaka saa nne... nimeshika kiti cha magurudumu, kisogo cha mama watoto kiko hapa chini yangu, nywele nimemsuka mwenyewe, msuko mmoja umekwenda sokoni mwingine msibani, hajalalamika, hajatamka neno tangu kiharusi kimwangushe jikoni, na mtaalamu wa hospitali alisema ulimi unaweza kurudi, "Ongea naye, mzee wangu, kisha ungoje," ile ya kungoja sikuisikia vizuri, nilikuwa naongea, ee Mola nimeongea, vichekesho asubuhi, vichekesho jioni, mpaka binti yetu akanishika mkono, "Baba, si umwache mama naye ajibu?" nikamwambia namsaidia, namsaidia! na leo pale zizini mwongoza wageni alipomwinamia, "Mama, unawaonaje ng'ombe wetu?" nani kadakia kama si mimi, "Anasema wamenona kuliko mumewe!" wageni wakaangua kicheko mpaka fahali akageuka, yeye kimya, yeye aliyekuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa kila ukumbi niliopanda jukwaani kuchekesha, mikono kifuani, watu wanagaragara yeye anakodoa tu, halafu tukifika nyumbani, "Kile cha mwisho umekiharakisha, baba nanihii, ungevuta pumzi kwanza"... mkono bado uko juu, dirishani ndama analia, kitanda cha Mzee chembamba, blanketi la kijivu, mabuti ya zizini yamelala uvunguni, na pale mlango wa chumba cha pili, alikolala mkewe, tumeambiwa hivyo tukiingia, eti Mzee hakutaka mama asumbuliwe na kazi za taifa za usiku, kazi za taifa, hapo pana kitu kinaniwasha kwenye ncha ya ulimi, nang'ata midomo, nameza, na chini yangu kitu kinakwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta mwaka mzima, "Mzee... ali..." nani huyo, nani huyo jamani, "ali... koroma," ni yeye, sauti yake ileile, imechakaa lakini yake, kidole kimeelekea mlango wa chumba cha pili, nataka kudakia, nafunga mdomo, yeye hana haraka, anavuta pumzi, anaiacha ikae, ikae, "Kama... huyu," na kidole kinapanda polepole mpaka puani kwangu, bibi wa mbele yetu mabega yanamruka, mwongoza wageni amevimba mashavu, mkono wake unatikisika kama bendera ila haushuki, usiushushe, kaka yangu, nakuomba, uache hukohuko mpaka kesho, ahsante Mzee kwa kufia humu, Mungu akulaze pema, ahsante kwa kile chumba cha pili, ahsante kwa hilo koo lako la kukoroma, la kweli au la kusingiziwa, machozi yananifika midomoni na sijaifungua, hata moja halijaingia, mama watoto amegeuza shingo ananitazama, upande mmoja wa uso unacheka, ule mwingine unangoja zamu... na mimi miezi yote hii nazunguka mahospitalini natafuta wa kumfungua yeye mdomo, kumbe alitakiwa tu wa kunifunga mimi wangu.