Mkono wa Mfukoni

Shangazi yangu alikuwa na mkono mmoja wa watu na mmoja wa mfukoni. Wa kulia ulisalimia, ulipika, na ulinifinya nilipostahili. Wa kushoto ulikaa ndani ya aproni kutwa, na kazi yake ya kushikilia kitambaa mezani ilifanywa na pasi kuukuu isiyopata moto tena. Mafundi wote wa karakana ile ya sare za shule waliujua mkono huo na hakuna aliyeutaja. Hata mimi, niliyekulia chini ya meza yake ya kukatia, nikilala juu ya mabaki ya kaptura, nilijifunza mapema kwamba yapo ya kuuliza na yapo ya kunyamazia.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Baba akaenda kutafuta kazi, akaendelea kuitafuta hadi leo. Dada yake, ambaye hakuwa na mtoto wala nafasi, akanichukua. Shule iliniacha kidato cha pili, au niliiacha mimi, tusilaumiane. Nikafagia karakana miaka miwili, kisha nikapata kibarua cha kubeba taa za mpiga video tuliyemwita Bwana Harusi, kwa kuwa kila Jumamosi alikuwa harusini na mwenyewe hajaoa. Ndiye aliyenifundisha kutazama. "Bibi harusi kila mtu anamwona," aliniambia. "Wewe mtafute anayelia nyuma ya mlango." Magoti yalipomchosha akaniachia kamera yake, pamoja na maneno mawili ya kazi: "twende" la kuanzia, na "kata" la kusimamishia.

Filamu ya kwanza niliyoitaka mwenyewe ilihusu kisu. Kisu cha umeme cha pale karakanani hukata vitambaa arobaini kwa mpigo, na zamani kilikuwa na kikinga cha chuma. Msimamizi alikiondoa kwa kuwa kilichelewesha kazi. Tangu hapo mafundi wanne walikuwa wamepoteza vidole, na kila mara daftari la karakana liliandika neno moja tu: uzembe. Sasa baraza la kazi lingekaa Ijumaa kusikiliza malalamiko, na chama cha mafundi kiliniomba dakika kumi za filamu ili kikinga kirudishwe. Kisu nilikuwa nacho, daftari nilikuwa nalo. Sikuwa na mkono. Majeruhi wawili walishahama. Wa tatu, ambaye siku hizi anashona vifungo, aliniambia kwa adabu niende zangu. Wa nne alikuwa shangazi.

Alikubali kupigwa picha akikata kwa mkasi, basi. Msimamizi aliruhusu kamera akidhani ni tangazo la sare. Siku hiyo alikuja na nywele zinameta mafuta. Nikamsimamisha shangazi mezani, mbele yake kitambaa cha kijivu cha suti ya msimamizi mwenyewe, aliyotaka ashonewe hapo hapo kazini.

"Shangazi, jifanye tu unakata. Usikate."

"Miaka ishirini na sita nakata, leo nijifanye?"

"Mkasi uweke tu hapo juu ya kitambaa. Haya, twende."

Akauweka. Katika kile kidirisha kidogo cha kamera uso wake ulitulia, ukawa mzuri hata nikauonea wivu. Nilipoona imetosha nikasema, "Kata."

Akakata.

Alikata kama afanyavyo kila kitu, mara moja na bila kurudi nyuma, kutoka pindoni hadi katikati ya mgongo wa suti.

"Si umesema nikate?" akaniuliza.

Karakana nzima ikaangua kicheko; bahati yetu msimamizi alikuwa ametoka nje. Baadaye msimamizi aliambiwa kitambaa kilikuwa pungufu, akashonewa kizibao, na haki ya Mungu kilimpendeza. Shangazi alicheka mpaka machozi. Akajisahau, akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto: gumba na vidole viwili. Kamera ilikuwa bado inakwenda.

Nilirudi nyumbani na picha ile kama mtu aliyeokota kitu na mwenyewe anamjua. Nilijiambia ni kwa faida ya wote. Nilijiambia mengi. Asubuhi, akiwa anakunja shuka, nikamwonyesha.

Alitazama mara mbili. "Futa."

Nilikuwa na hoja nne tayari ulimini, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nikamtazama jinsi alivyokaa na ule mkono kauficha kwapani. Nikafuta mbele ya macho yake. Roho iliniuma, sitaficha.

"Nisamehe, shangazi. Sikujua unauonea aibu kiasi hiki."

"Aibu?" Akaiacha shuka. "Nani kakwambia naona aibu? Pale nacheka, mwanangu. Mtu wa baraza akiniona nacheka na mkono huu atasema kumbe hauumi."

"Na kuuficha mfukoni je?"

"Mfukoni kuna joto. Ukipigwa na baridi unauma mpaka begani."

Miaka kumi na mitatu tangu kisu kile kimkate. Sote tulikuwa tumenyamaza kwa heshima, tukimtunzia aibu ambayo hakuwahi kuwa nayo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama unauma. Aliyeona haya asubuhi ile ni mimi. Nikamwomba anisimulie. Akaishika tena shuka, akasema hawezi kusimulia nayo mkononi, nimngoje kazini.

Saa ya chakula, msimamizi alipotoka, shangazi aliniita kwa kidole. "Washa hicho."

Akatandika kitambaa cha bluu mezani, akaisogeza pasi pembeni, akaulaza mkono wa kushoto pale pasi ilipokuwa. Kwa mkono wa kulia akachukua chaki, akaanza kuuzungushia mstari kama anayechora kiolezo cha kola. Akapanda gumba, akashuka, akapanda kidole, akashuka. Alipofika penye pengo hakuruka. Aliupitisha mstari polepole, bapa.

"Hivi viwili vilikwenda siku ya Jumanne, saa nne asubuhi," alisema, bila kunitazama. "Nilikuwa nimelala vizuri. Sikuwa nazungumza na mtu. Nilikuwa nakata kola, kisu kikateleza, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kukizuia. Sikuwa mzembe."

Akauinua mkono. Mchoro ukabaki juu ya kitambaa, mweupe.

"Hicho ndicho kipimo changu," akasema. "Asije mtu akadai nimeongeza."

Nikaiacha kamera iendelee. Upande wa pili wa chumba kiti kilisogezwa. Mshona vifungo alikuwa amesimama, anapangusa nyuzi mapajani. Akaja hadi mezani taratibu, akaukunja mkono wa gauni lake.

"Dada," akamwambia shangazi, "nisogezee hiyo chaki."